Oveni Inapozima Umeme wa Nyumba: Tusiinyamazishe Swichi



 

Tumeombwa kuzungumzia jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni kero ndogo ya jikoni, yaani oveni ya umeme ambayo kila inapowashwa huiacha nyumba nzima gizani. Mwenye nyumba huenda kwenye kisanduku cha umeme, akaipandisha swichi, akarudi jikoni, na kabla hajaufikia mlango wa oveni swichi imeanguka tena. Mara ya tatu huanza kuichukia swichi. Mara ya nne humwita mtu wa kuiondoa.

Hapo ndipo kero ndogo inapogeuka hatari kubwa. Mturuhusu tuanze na kisa.

Mama mmoja, anayejipatia riziki kwa kuoka keki nyumbani kwake, alifika kwenye dawati letu la malalamiko. Alilalamika kwamba umeme wa kwake una nguvu kupita kiasi, kwa sababu kila aliposhika mpini wa mlango wa oveni akiwa peku alihisi mtetemo ukimpanda mkononi. Binti yake alikuwa ameanza kuifungua oveni kwa kutumia kitambaa kikavu, na mama mwenyewe alikuwa amezoea kuvaa kandambili kila anapooka. Tulipomwuliza habari za oveni hiyo, alitueleza kwamba miezi miwili nyuma ilikuwa ikizima umeme wa nyumba. Alikuwa na keki ya harusi ya kukabidhi kesho yake. Fundi aliyeitwa usiku ule alimwambia kwamba swichi imechoka, akapiga dairekti ili umeme wa oveni usipite tena kwenye swichi ile, na waya wa ethi akauacha ukining'inia. Oveni ikawaka, keki ikaiva, harusi ikafana.

Ndugu zetu, umeme wa mama yule haukuwa na nguvu kupita kiasi. Koili ya chini ya oveni yake ilikuwa imepasuka, na umeme ulikuwa ukivuja hadi kwenye bati la oveni. Swichi iliyokuwa ikiutambua uvujaji huo ilikuwa imeondolewa njiani. Waya uliopaswa kuupeleka umeme huo ardhini ulikuwa umeachwa wazi. Njia iliyosalia ni mwili wake na wa binti yake. Kandambili na kitambaa kikavu ndivyo vilivyokuwa vimewanusuru kwa miezi miwili.

Kutokana na kisa hicho, neno letu la leo ni moja: swichi inayojizima inatoa taarifa. Kazi ya mtumiaji ni kuisoma taarifa hiyo, na kazi ya fundi ni kuondoa sababu yake. Kuinyamazisha si kazi ya yeyote.

Basi, swichi hii husema nini? Katika nyumba nyingi zilizofungwa umeme kwa utaratibu mzuri, kisanduku cha umeme huwa na swichi za aina mbili. Aina ya kwanza ni breka ndogondogo zilizopangwa kwa safu, moja ya taa, nyingine ya soketi, nyingine ya jiko. Kila breka imeandikwa namba, kama vile 10, 20 au 32, ambayo ni kiwango cha ampea inachoruhusu. Breka hizi hulinda nyaya. Umeme unaopita ukizidi kiwango, au waya wa moto ukigusana na nyutro na kupiga shoti, breka huanguka ili nyaya zisiungue ndani ya ukuta.

Aina ya pili ni swichi ya usalama, ambayo huwa pana kuliko breka na ina kitufe kidogo chenye herufi T. Hii humlinda mtu. Umeme huingia kwenye kifaa kwa waya wa moto na kurudi kwa nyutro, na kiasi kinachokwenda hupaswa kulingana na kinachorudi. Swichi ya usalama hulinganisha viasi hivyo viwili wakati wote, kama karani wa stoo anayehesabu magunia yanayotoka na yanayorudi. Kikipungua kinachorudi, maana yake kuna umeme unaopotelea pengine, yaani kwenye bati, kwenye unyevu, au katika mwili wa binadamu. Swichi iliyo ya kawaida majumbani huwa imeandikwa miliampea 30. Hicho ni kiasi kidogo sana, hata taa ya kawaida hutumia zaidi ya hapo, lakini umeme wa kiasi kinachozidi hapo ukipita kifuani unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Uvujaji unapofikia kiwango hicho, swichi nzima hukata umeme katika muda usiofika theluthi moja ya sekunde.

Swichi hii ni muhimu zaidi katika nyumba ambazo ethi yake ni nondo iliyofukiwa ardhini, kama zilivyo nyingi kwetu. Udongo, hasa wakati wa kiangazi, hupitisha umeme kwa shida. Umeme ukivuja hadi kwenye bati la oveni, kiasi kinachopita kwenda ardhini huenda kisitoshe kuiangusha breka ya ampea 32, ilhali kinatosha kabisa kumwua mtu. Ndiyo maana hatuwezi kusema kwamba breka zipo, basi swichi ya usalama si lazima.

Sasa tuje kwenye uchunguzi ambao kila mtumiaji anaweza kuufanya bila bisibisi wala kufungua kitu chochote. Mikono iwe mikavu, miguuni pawe na viatu, na sakafu isiwe na maji.

Kwanza, hakikisheni kwamba ni swichi iliyoanguka. Wako waliomwita fundi kumbe uniti za Luku zimekwisha. Tazameni mita kwanza, kisha kisanduku.

Pili, tazameni ni swichi ipi iliyoanguka. Ikiwa ni breka yenye namba, shaka ya kwanza ni mzigo kupita kiasi au shoti. Hesabu yake si ngumu. Gawanyeni wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha kifaa kwa volti 230, mtapata ampea. Oveni ya wati 3,000 hutumia takribani ampea 13, na hicho ndicho kikomo cha plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa. Jiko kubwa lenye plati 4 na oveni, vyote vikiwashwa pamoja, linaweza kufikia wati 10,000, yaani zaidi ya ampea 43. Jiko la namna hiyo halipaswi kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida, sembuse kwenye ekstensheni inayohudumia pia friji na birika. Linahitaji waya wake mnene, breka yake na swichi yake ya ukutani. Ikiwa breka huanguka tu oveni na birika au pasi vinapowashwa kwa pamoja, jibu mnalo tayari: punguzeni mzigo, kisha mumwite fundi aitengenezee oveni njia yake.

Ikiwa iliyoanguka ni swichi ya usalama yenye kitufe cha T, hoja ya wingi wa mzigo haihusiki. Kuna umeme unaovuja, na tunaendelea na hatua ya tatu.

Tatu, itengeni oveni. Zimeni soketi na kuchomoa plagi. Ikiwa oveni imeunganishwa ukutani bila plagi, zimeni swichi yake kubwa ya ukutani. Kushusha breka yake peke yake hakutoshi kwa uchunguzi huu, kwa sababu breka nyingi za majumbani hukata waya wa moto tu na kuuacha nyutro ukiwa umeunganishwa, na uvujaji waweza kupitia huko pia. Baada ya kuitenga, pandisheni swichi ya usalama. Ikikaa, na vifaa vingine vikafanya kazi kama kawaida, kasoro imo ndani ya oveni au katika waya wake.

Ikianguka hata oveni ikiwa imetengwa, oveni inasingiziwa. Hapo shusheni breka zote, pandisheni swichi ya usalama, kisha pandisheni breka moja baada ya nyingine. Ile itakayoiangusha ndiyo yenye njia mbovu. Iacheni chini, tumieni umeme wa sehemu nyingine, na mumwite fundi. Swichi ikikataa kukaa hata breka zote zikiwa chini, msiendelee. Hiyo ni kazi ya fundi moja kwa moja.

Nne, kumbukeni ni wakati gani swichi huanguka. Hapa ndipo mtumiaji makini anapomsaidia fundi kuliko kifaa chochote, kwa sababu oveni yenye kasoro huwa na tabia yake.

Ikianguka mara tu plagi inapochomekwa, kabla ya kugusa kitasa chochote, waya, plagi au maungio ya nyuma ya oveni hushukiwa kwanza. Pengine waya umebanwa na oveni iliposogezwa, au umeguguna na panya.

Ikianguka pale tu kitasa kinapogeuzwa kwenye moto wa chini, lakini ikakaa kwenye moto wa juu, koili ya chini ndiyo mshukiwa. Ikiwa ni kinyume chake, ni koili ya juu. Ikianguka feni inapoanza kuzunguka, ni feni au koili iliyo nyuma yake.

Ikianguka baada ya dakika 10 au 20, oveni ikiwa imeshika moto, mara nyingi ni koili yenye ufa mdogo unaofunguka bati lake linapotanuka kwa joto. Kasoro hii huwadanganya wengi, kwa kuwa oveni ikipoa swichi hukaa tena, na mwenye nyumba hudhani imepona.

Ikianguka kwa nadra, na pale tu vifaa vingi vinapowashwa pamoja, huenda hakuna kifaa kimoja kibovu sana. Kila kifaa huweza kuvujisha kiasi kidogo, na swichi hujumlisha yote. Fundi atapima kila kifaa na kugawa njia.

Yaandikeni hayo kwenye karatasi: swichi ipi, wakati gani, kitasa kikiwa wapi. Fundi akipewa maelezo hayo huenda kwenye kasoro moja kwa moja, na hana sababu ya kubadilisha vitu vitatu ili apate kimoja.

Sisi tunaoishi pwani tunalo jambo la ziada, nalo ni unyevu. Koili ya oveni ni bomba jembamba la chuma, na ndani yake mna waya unaopata moto. Kati ya waya na bomba hushindiliwa unga mweupe wa oksaidi ya magnesiamu, ambao hupitisha joto lakini huzuia umeme. Unga huo una udhaifu mmoja: hufyonza unyevu wa hewa kupitia kwenye ncha za bomba. Oveni iliyokaa miezi mingi bila kuwashwa, au iliyokaa bohari kwa muda mrefu kabla ya kuuzwa, inaweza kuwa na unga wenye unyevu, na umeme hupita kwenye unyevu huo hadi kwenye bati. Wengi hununua oveni, wakaitumia siku ya sikukuu, wakaifunika kwa kitambaa hadi sikukuu nyingine, kisha wakashangaa.

Kwa oveni iliyokaa muda mrefu namna hiyo, ikiwa ethi yake ni nzima na swichi ya usalama iko mahali pake, inafaa kuiwasha ikiwa tupu, kwa moto mdogo kabisa, mlango ukiwa wazi kidogo, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, huku mtu mzima akiwa karibu. Swichi ikikaa, joto litaukausha unga. Swichi ikianguka, acheni. Msiipandishe tena na tena kwa matumaini kwamba itachoka kuanguka. Fundi anacho kifaa cha kupima uzima wa kihami, ambacho mafundi hukiita mega, na ataweza kusema kama koili inahitaji kukaushwa au kubadilishwa. Koili iliyopasuka haikauki. Hubadilishwa.

Ndugu watumiaji, baada ya kusema yanayofaa kufanywa, hatuna budi kuyataja yasiyofaa. Yote tunayoyataja hufanywa mitaani kwetu, na yote huwa na sura ya msaada.

Msikubali breka ya ampea 20 ibadilishwe kwa ya 32 huku waya ukibaki uleule mwembamba. Breka haitaanguka tena, lakini waya utaungua kabla breka haijajua.

Msikubali waya wa ethi, ule wa rangi ya kijani na njano, ukatwe wala ufunguliwe. Ni kweli kwamba ukikatwa swichi huacha kuanguka. Huacha kuanguka kwa sababu umeme uliovuja umekosa pa kwenda, nao hukaa kwenye bati ukimngoja wa kuligusa.

Msikubali kupigiwa dairekti, hata kwa usiku mmoja, hata kwa keki ya harusi. Suluhisho la usiku mmoja halina anayekumbuka kuliondoa asubuhi.

Na swichi ya usalama ikiwa kweli ni mbovu, maana nayo ni kifaa na huweza kuharibika, ibadilishwe kwa nyingine ya miliampea 30. Isiondolewe. Njia ya kujua kama ingali hai ni kubonyeza kitufe cha T, angalau mara moja kila baada ya miezi 6. Ikibonyezwa ni lazima ianguke. Isipoanguka wakati nyumba ina umeme, haitaanguka hata mtoto atakapoguswa na umeme, na inapaswa kubadilishwa bila kuchelewa.

Tunajua kwamba si kila nyumba ina swichi hiyo. Nyumba za zamani zina meni swichi na fyuzi peke yake. Kama nyumba yenu ni mojawapo, tunawasihi kwamba fedha ya kwanza itakayopatikana kwa ajili ya umeme, kabla ya kununua oveni, iwe ya kufungia swichi ya usalama na kupima ethi.

Mwisho, tuseme juu ya haki. Wengi hudhani kwamba kila hitilafu ya umeme ni ya shirika linalousambaza. Shirika huwajibika hadi kwenye mita. Nyaya, breka na soketi zilizo baada ya mita ni dhamana ya mwenye nyumba, na aliyepanga ana haki ya kumtaka mwenye nyumba azirekebishe. Kazi hiyo hufanywa na fundi mwenye leseni ya ufungaji umeme inayotolewa na EWURA. Kumwomba fundi awaonyeshe leseni yake si dharau. Fundi wa kweli huionyesha kwa fahari. Mwombeni pia risiti inayotaja alichofanya, na mwombeni awaachie kipuri cha zamani. Kipuri kilichotolewa ni ushahidi kwamba kimetolewa.

Ikiwa oveni ni mpya na ingali ndani ya muda wa dhamana, msiifungue wala msimpe fundi wa mtaani aifungue. Irudisheni kwa aliyewauzia pamoja na risiti na ile karatasi mliyoandika tabia yake. Oveni inayoangusha swichi ya usalama katika nyumba ambayo vifaa vingine vyote vinafanya kazi ina kasoro, na muuzaji hawezi kuwajibu kwamba swichi yenu ni kali mno.

Tumalizie kwa mama yetu wa keki. Koili ya chini ilibadilishwa, ethi ikafungwa, na umeme wa oveni ukarudishwa kupita kwenye swichi ya usalama. Fundi mwenye leseni aliimaliza kazi yote mchana mmoja, na mama alitueleza kwamba gharama ya koili ilikuwa ndogo kuliko malipo ya ile keki ya harusi. Alituuliza swali moja ambalo tungali nalo hadi leo. Alisema, "Kwa nini fundi yule hakuniambia?" Tulimjibu kwamba swichi ilimwambia kila ilipoanguka, ila hakuna aliyemfundisha lugha yake.

Ndiyo sababu tumekuja hapa. Leo mkirudi nyumbani, kabla ya kupika, fungueni kisanduku cha umeme mkitafute kitufe chenye herufi T. Kibonyezeni. Taa zikizimika, ipandisheni swichi na mshukuru. Zisipozimika, au msipokiona kitufe hicho, mnajua la kufanya.